Kilo 46 si kilo 46: soma tiketi kwanza, begi baadaye

Mama yangu mdogo alitoka Tanga na basi la alfajiri, akashuka Dar es Salaam mchana, na jioni akafika uwanja wa ndege akiwa na mabegi mawili na moyo uliotulia. Mabegi yalikuwa yamepimwa dukani kwa jirani, Barabara ya Kumi na Mbili, kwa mizani ile ile inayopimia mchele. Moja kilo 31, jingine kilo 14. Jumla 45. Tiketi aliambiwa inaruhusu 46, kwa hiyo alijiona ana kilo moja ya akiba.

Begi la kwanza lilipopanda mizani ya kaunta, akaambiwa limezidi kilo nane. Akaeleza kwamba la pili ni jepesi. Akajibiwa kwamba wepesi wa la pili hausaidii la kwanza. Basi akapiga magoti sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, akafungua mabegi mbele ya foleni ya watu asiowajua. Nguo zake za ndani zikaonekana, dagaa wakaonekana, kanga za zawadi zikakunjuliwa. Akahamisha vitu huku mikono inamtetemeka. Hakulipa hata shilingi, na yule wa kaunta hakumkosea, alifuata kanuni. Lakini mama mdogo alipanda ndege amefedheheka, na aliponipigia simu kutoka Muscat, jambo la kwanza kunisimulia halikuwa safari wala wajukuu. Lilikuwa lile la sakafuni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watu hapa mjini: tiketi ya ndege inaruhusu kilo ngapi? Mmoja atasema 30. Mwingine 40. Mwingine ataapa kwamba ni mabegi mawili tu na kilo hazijumlishwi. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa tiketi yake aliyowahi kusafiria. Tatizo linaanza pale mtu anapochukua jibu la tiketi ya mwenzake akapangia begi lake.

Kuna kilo, na kuna fungu

Sokoni Ngamiani nyama huuzwa kwa kilo, nyanya huuzwa kwa fungu. Ni biashara ile ile, vipimo viwili. Mashirika ya ndege nayo yana vipimo viwili vya mzigo unaopakiwa chini ya ndege, na kila tiketi inafuata kimoja wapo.

Kipimo cha kwanza ni cha kilo. Kwenye tiketi utaona namba ikifuatwa na herufi K au KG, kwa mfano 30K. Hapo shirika linahesabu jumla. Kilo zako 30 unaweza kuzitia kwenye begi moja, au 18 huku na 12 kule. Watu wa familia moja walio kwenye tiketi iliyokatwa pamoja mara nyingi huruhusiwa kuunganisha: mume ana 30, mke ana 30, nyumba ina 60. Uliza kabla ya kulitegemea hilo, maana si kila shirika linakubali.

Kipimo cha pili ni cha idadi ya mabegi. Tiketi itaandikwa 1PC au 2PC, yaani begi moja au mabegi mawili. Kila begi lina kikomo chake, na kwa daraja la kawaida kikomo kinachotumika na mashirika mengi ni kilo 23. Hapa ndipo mama mdogo aliponaswa. Wakala alimwambia "una kilo 46", na kwa hesabu ya kujumlisha ni kweli: 23 na 23 ni 46. Ila tiketi haikusema 46. Ilisema mabegi mawili ya 23.

Chukua madebe mawili uyapange bombani. La kwanza likijaa, maji yakafurika yakamwagika chini, huwezi kusema hayakumwagika kwa sababu debe la pili lina nafasi. Kila debe lina mdomo wake. Begi la kilo 31 limefurika, hata kama mwenzake yuko nusu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala lisiwe "nina kilo ngapi?" Liwe hili: "Tiketi yangu inahesabu kilo au inahesabu mabegi, na kila begi mwisho wake ngapi?" Kisha usomewe penye maandishi, kwa safari ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu pande mbili za tiketi moja zinaweza kutofautiana. Na ukipata tiketi ya bei ya chini sana, tazama vizuri zaidi. Siku hizi zipo zinazouzwa bila begi la chini kabisa, unasafiri na la mkononi tu.

Namba hizi, 23 na wenzake, huwashangaza watu: kwa nini isiwe 20 au 25? Ni kwa sababu zilizaliwa kwenye ratili na inchi. Ratili 50 ni karibu kilo 23. Ratili 70 ni karibu kilo 32. Inchi 62 ni karibu sentimita 158. Zilibadilishwa vipimo zikabaki na sura hiyo.

Hiyo 32 inastahili kusemwa peke yake. Ndicho kikomo cha begi moja ambacho mashirika na viwanja vingi havikivuki hata ukiwa na kilo zako halali na hata ukiwa na pesa ya kulipia. Mtu mwenye 40K anayepanga kilo 38 kwenye begi moja atafunguliwa begi, hata kama hajafika mwisho wa kilo zake. Sababu ni mgongo wa binadamu. Katika ndege nyingi za ukubwa wa kati begi halipandi kwa mashine mpaka mwisho. Mkanda unalifikisha mlangoni, ndani kuna mfanyakazi ameinama kwenye dari fupi, analivuta, analigeuza, analipanga juu ya mwenzake, na nyuma yake yanakuja mengine mia na zaidi. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba 32 ni ukorofi. Mimi naiona ni huruma kwa mtu ambaye hatumwoni.

Omo, tezi na shehena

Kwa nini wapime kwa ukali hivyo? Ndege ni kubwa, kilo tatu za unga zina nini?

Sisi watu wa pwani hatuhitaji maelezo marefu. Nahodha hapakii jahazi ovyo. Shehena ikilemea omo, yaani mbele, chombo kinainamisha pua. Ikilemea tezi, yaani nyuma, kinakuwa kigumu kuongoza. Na chombo kitupu hutiwa farumi, uzito wa kukituliza, ili kikae sawasawa majini. Ndege ni hivyo hivyo, ila bahari yake ni hewa. Kabla ya kuruka hupigwa hesabu ya ndege yenyewe, mafuta, abiria na mizigo, na ya mahali kila kitu kilipokaa. Jumla haivuki kiwango cha kuruka alichoweka mtengenezaji, na uzito lazima uwe umekaa mahali ambapo ndege itatulia angani.

Boeing 787-8, kama zile za Air Tanzania, kiwango chake cha kuruka ni karibu tani 228. Humo kilo tatu zako peke yake hazionekani. Lakini abiria 250 wakizidisha kilo tatu tatu ni kilo 750, na kila kilo inayobebwa inakunywa mafuta kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho.

Sasa shuka kwenye Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya pangaboi moja mbele ambayo watu wa Tanga wamezoea kuiona. Kiwango chake hakifiki tani nne, na ndani ya hizo nne imo ndege yenyewe, mafuta, rubani na abiria wapatao kumi na mbili. Hapo kilo tano za mtu mmoja zina uzito wa kweli. Ndiyo maana kwenye ndege ndogo usione vibaya ukiombwa kupanda mizani wewe mwenyewe na begi lako, na ndiyo maana kikomo chake mara nyingi ni kilo 15 tu, kwenye begi laini linaloweza kubonyea na kuingia kwenye nafasi finyu. Joto nalo lina sehemu yake. Hewa ya joto ni nyepesi na mbawa hupata taabu kuegemea humo. Ndege ile ile, mchana wa Februari, inaweza kulazimika kubeba pungufu kuliko ilivyobeba asubuhi.

Hilo linatufikisha kwenye mtego unaowakamata hasa watu wa miji kama wetu, isiyo na ndege kubwa. Umekata tiketi ya Dar es Salaam kwenda Dubai yenye kilo 30. Kisha, ili kuepuka kilomita 350 za basi, ukakata tiketi nyingine, ya ndege ndogo kutoka Tanga. Hizo ni tiketi mbili, na tiketi ya ndege ndogo haijui habari za kilo zako 30. Inajua 15 zake. Safari ikiwa kwenye tiketi moja, hata kama ni mashirika mawili, kwa kawaida ruhusa moja hukufuata mpaka mwisho, nayo imeandikwa humo humo. Tiketi zikiwa mbili, panga begi kwa ile yenye kikomo kidogo. Au mzigo utangulie na basi, apatikane mtu wa kuupokea Dar. Wengi hapa ndivyo wafanyavyo, na hakuna ubaya wowote.

Begi linakula kilo

Watu wengi huanza na begi. Wananunua kubwa kuliko yote dukani, kisha wanatafuta vya kulijaza, kisha tiketi. Mpangilio huo umepinduka, na nitaonyesha kwa hesabu.

Dukani begi huitwa kwa inchi: la 20, la 24, la 28, na mengine hufika 32. Namba hiyo ni kimo, na wauzaji hawapimi kwa namna moja. Wengine wanahesabu magurudumu, wengine wanayaacha. Shirika la ndege halitazami inchi za muuzaji. Kwa mashirika mengi, unachukua sentimita za urefu, upana na kina, unazijumlisha, na jumla isizidi 158. Magurudumu na mpini vimo kwenye hesabu. Begi la inchi 28 lenye 75 kwa 50 kwa 30 linatoa 155, limepita. La inchi 32 kwa kawaida linavuka 158 hata kabla hujatia leso ndani. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani, hakuna atakayekucheka.

Sasa uzito. Begi la inchi 24 likiwa tupu lina kilo kama nne. La 28 kama tano. Yale ya mtumba ya zamani yenye fremu ya chuma yanaweza kufika sita au zaidi. Kilo hizo zinatoka kwenye ruhusa yako, mizani haiulizi nini ni begi na nini ni nguo.

Nguo zilizokunjwa vizuri huchukua robo kilo hivi kwa kila lita ya nafasi. Begi la inchi 28 lina nafasi ya lita kama 100, basi likijaa nguo tu ni kilo 25. Ongeza tano za begi, ni 30. Kama tiketi yako ni ya 23 kwa begi, umeshazidi kilo saba na hujatia hata mfuko mmoja wa iliki. Begi la inchi 24 lina lita kama 65. Likijaa nguo ni kilo 16, ongeza nne za begi, ni 20. Umebakiwa na kilo tatu za dagaa na kashata, na zipu imefungwa bila kukaliwa.

Kwa hiyo kwa tiketi ya begi la 23, begi linaloifaa ni la inchi 24, au 26 kwa mtu mwenye vitu vyepesi. La 28 ni la mwenye kilo 30 kwenye begi moja, au anayebeba vitu vikubwa visivyo na uzito kama mablanketi na nguo za watoto. Na nguo ndizo nyepesi. Vyakula vyetu havimo kwenye hesabu hiyo. Lita moja ya mchele ina karibu gramu 800. Mafuta ya nazi, zaidi ya gramu 900. Nazi iliyofuliwa, nusu kilo au zaidi. Ukimpa begi kubwa mtu anayepeleka vyakula, umempa kilo 50 za majaribu.

Ganda gumu au laini? Gumu linalinda chupa ya asali na vyombo vya udongo. Laini linabonyea na kusamehe, na ndilo pekee litakalokubaliwa kwenye ndege ndogo. Mimi ningemshauri mtu wa Tanga atazame magurudumu kwanza. Yale manne madogo yanayozunguka kila upande yanapendeza kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, lakini begi letu kabla ya kufika huko limepita mchangani, limeshushwa kwenye bajaji, limesukumwa kwenye buti la basi pale stendi ya Kange. Magurudumu mawili makubwa, yaliyozama ndani ya begi, yanavumilia zaidi na hayaongezi sentimita nyingi.

Begi la shangazi kaja nalo lina sifa yake ya haki: likiwa tupu halina uzito wa kutaja. Ila linachanika, na kulizuia tunalifunga kamba mpaka linakuwa kama mpira. Hapo ndipo shida inapokuja. Tangu Machi 2017 uwanja wa Dubai haupokei mzigo wa duara au usio na hata upande mmoja bapa, kwa sababu unabingirika na kukwama kwenye mikanda. Jeddah nako mabulungutu ya duara na ya kamba hayapokelewi. Ukitumia shangazi kaja, weka boksi ndani ili liwe na pande, na usilifunge kamba za nje.

La mkononi

Utaambiwa la mkononi halipimwi. Mara nyingi kweli halipimwi, na mtu akipita mara tatu bila kupimwa anafanya hiyo kuwa sheria. Mashirika mengi yanayochukua watu wetu kwenda Ghuba yameandika kilo 7, na ukubwa wa kama sentimita 55 kwa 38 kwa 22, kila moja na tofauti zake ndogo. Wakiamua kupima mlangoni, pa kuingilia ndege, begi lako kubwa limeshaondoka na huna pa kuhamishia.

Fikiria pia kwamba begi la magurudumu la inchi 20 ni kilo mbili na nusu mpaka tatu likiwa tupu. Katika saba umebakiwa na nne. Begi la mgongoni la kitambaa halifiki kilo moja, linakuachia sita. Kwa mtu mwenye mgongo mzima, uamuzi ni rahisi. Kwa mzee, acha magurudumu yabaki na vitu vipungue.

Mwenye mtoto mchanga wa kupakatwa asidhani mtoto hana haki. Mashirika mengi humpa kilo chache au begi dogo, pamoja na kigari chake. Uliza, hawatakukumbusha.

Vitu vyetu

Mafuta ya nazi, samli, asali, achari ya embe: vyote kwa ndege ni vimiminika. Mkononi kila chombo kisizidi mililita 100, vingine vyote viende begi la chini, vifungwe mara mbili. Mfuniko ufungwe kwa utepe wa gundi, chupa iviringishwe kwenye kanga ya zamani. Na kwa wanaorudi nyumbani: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, basi usifungashe vitu kwenye mifuko ya duka la huko ukaja nayo. Kale kamfuko ka kufunga kwa zipu ka vipodozi hakana tatizo.

Mbata wengi hawaijui hatari yake. Nazi iliyokaushwa ina mafuta mengi na ikifungiwa mahali pa joto inaweza kupata moto yenyewe, polepole, bila kiberiti. Katika kanuni za kimataifa za usafiri wa anga imo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kujiwasha. Mkaa uko kundi hilo hilo, na hapa nawasemesha kina dada wanaopeleka udi: udi na ubani viende, vile vidonge vya mkaa wa kuwashia chetezo vibaki. Huko uendako vinauzwa.

Pawabenki na betri za akiba kinyume chake, lazima ziwe mkononi, kamwe zisiende chini, ili zikishika moto mtu azione. Kikomo cha bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Iliyoandikwa 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, iko salama. Ukiambiwa mlangoni kwamba begi lako la mkononi litapelekwa chini, toa kwanza pawabenki, dawa, pasipoti na fedha.

Mahujaji na wa Umra: Zamzam husafiri kwenye boksi lake maalumu la lita tano, halitiwi ndani ya sanduku la nguo. Nimeona mtu mzima akilia kwa sababu chupa alizozificha katikati ya kanzu zilitolewa moja moja. Shirika lako litakwambia kama boksi lile linahesabiwa nje ya kilo zako. Litii utaratibu huo na maji yatafika.

Ukizidi

Kuzidi si aibu wala si kosa, ni kununua huduma. Lakini inunue mapema. Kilo au begi la ziada likilipiwa siku kadhaa kabla, kwa wakala au kwenye mtandao wa shirika, kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta. Kwenye tiketi ya kuhesabu mabegi, ujue kwamba begi la ziada, begi zito na begi kubwa ni mambo matatu yenye bei tatu. Begi moja la tatu, la kilo 29, lenye sentimita 170, linaweza kutozwa yote.

Mzigo ukiwa mwingi kweli, peleka kama kago. Hapo tena kuna hesabu nyingine inayowashtua watu: kago ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa nafasi, kile kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20, hata kama ndani mna vikapu vya ukili vya kilo tano.

Lipo na jambo ambalo ninaliomba kwa dhati. Usipokee begi la mtu usiyemjua "akuongezee kwenye kilo zako", wala usitoe kilo zako kwa mtu wa foleni mwenye maneno mazuri. Lebo ya begi inabandikwa kwa jina lako. Kilichomo ndani ni chako mbele ya kila askari wa kila nchi, na Saudi Arabia hukumu ya kusafirisha dawa za kulevya inaweza kuwa kifo. Hata kifurushi cha jirani unayemfahamu, kifunguliwe mbele yako, kipangwe na mikono yako. Jirani mwema hatachukia.

Kupima nyumbani

Mizani ya kusimamia inatosha. Panda peke yako, soma. Panda umelibeba begi, soma. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Kwa mzee asiyeweza kubeba, mjukuu abebe. Acha kilo moja ya pengo, kwa sababu mizani ya nyumbani na ya uwanjani hazisemi sawa. Vizito viweke upande wa magurudumu, na kila begi lipimwe peke yake.

Ila hiyo ni hesabu ya kuondoka. Kurudi ndiko watu wanakozidi zaidi, maana wamenunua, wamepewa zawadi, na huko hakuna duka la jirani lenye mizani. Mama mdogo alipokuwa anajiandaa kurudi Tanga, mkwewe alimnunulia mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayoingia mfukoni. Usiku wa kuamkia safari alipima begi la kwanza likatoa 22, la pili likatoa 24 na nusu. Akatoa blanketi moja, akampa mjukuu alilalie, akapima tena.